Kompyuta Chini ya Kanga

Siku niliyoikuta kompyuta imefunikwa kanga mbili, moja juu ya skrini na nyingine imezungushiwa sanduku lake chini ya meza kama mtoto mwenye homa, nilitaka kuvunja kitu. Sikuvunja, kwa sababu vyombo vyote vya nyumba ile vilikuwa vya mkwe wangu, na mimi nilikuwa nakaa eda ya mwanawe. Nilisimama katikati ya chumba nikahema. Programu niliyokuwa naipakua tangu asubuhi ilikuwa imekatika njiani, bando limekwisha, na kompyuta yenyewe imejizima kwa joto.

Mkwe wangu alikuwa kwenye msala anavuta tasbihi. Nilimngoja amalize, nikamuuliza kwa sauti niliyojitahidi kuishusha.

"Mama, nani kafunika kompyuta?"

"Mimi," akasema, bila wasiwasi wowote. "Nimepita hapo nikajiona uso wangu. Mwenye eda hawekewi kitu cha kujitazama."

"Na lile sanduku la chini?"

"Lilikuwa linavuma. Nyumba ya msiba haivumi, mwanangu."

Katika nyumba zetu za mji mkongwe, kifo kikiingia, vioo hugeuzwa ukutani au hufunikwa, na mjane hajitazami mpaka atoke eda. Nimewasikia mashehe wakisema hilo halimo katika dini, ni mazoea ya wazee tu. Lakini mimi nani nikamsomeshe dini mama aliyemzika mwanawe? Skrini ilikuwa imelala, imekuwa nyeusi, yeye kapita kajiona, kaenda kutoa kanga kabatini. Nilisema, "Sawa mama," nikaingia chumbani nikauma mto.

Hasira sikuanza nazo siku hiyo. Nilizaliwa nazo Pangani, na mama yangu alikuwa akisema nimelia tumboni. Lakini hasira za miezi ile zilikuwa nyingine. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mananasi. Alinunua Kiwangwa shambani, akapeleka Msata kwenye makutano, akawauzia wenye malori na abiria wa mabasi. Asubuhi moja alitoka mzima, akiniambia nisisahau kumnunulia wembe. Adhuhuri wakamrudisha nyuma ya gari la mizigo, ameanguka akipakia, na kabla ya Magharibi tulikuwa tumekwisha mzika. Watu walinipa pole kwa huzuni. Hakuna aliyenipa pole kwa hasira, nami nilikuwa nimemkasirikia yule mtu hata nikashindwa kulia. Niliwasikia wanawake jikoni wakinong'ona kwamba yule mkewe ana macho makavu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nilikuwa nimeajiriwa na ofisi moja ndogo Dar es Salaam, nakwenda asubuhi kwa basi na kurudi jioni. Kompyuta niliyofanyia kazi ilikuwa ya ofisi, na ilibaki ofisini. Bosi alipiga simu siku ya mazishi, akasema maneno mazuri. Akapiga tena baada ya hitima.

"Pole sana dada. Sasa unarudi lini?"

Nikamweleza eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamke hatoki nyumbani ila kwa dharura.

"Dada, mimi naheshimu dini za watu. Lakini mteja hangoji eda."

"Nitafanya kazi nikiwa nyumbani. Tunayo kompyuta."

"Basi isimamishe tovuti nzima ya mteja kwenye hiyo kompyuta yako, iwake, uibadilishe, nione. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Usipoweza, dada yangu, nafasi itabidi nimpe mwingine."

Naomba nieleweke hapa. Sisi hatukujaliwa mtoto. Nyumba tuliyokaa ni ya ukoo wao. Eda ikiisha na kazi sina, ningerudishwa Pangani kwa kaka yangu, nipewe chumba cha uani, nilee watoto wa wengine na kungoja mtu akumbuke kuniuliza kama nina sabuni. Nimewaona wanawake hao. Wanacheka sana kwenye harusi na hawana neno lao nyumbani. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imesimama kati yangu na chumba cha uani.

Tovuti, kabla ulimwengu haujaiona, huishi kwanza ndani ya kompyuta ya anayeitengeneza. Unahitaji seva, yaani programu inayokaa ikisubiri mtu aombe ukurasa ili impe. Unahitaji hifadhidata ya kuwekea habari. Unahitaji vikorokoro vingine, kila kimoja cha toleo linaloelewana na mwenzake, maana matoleo yakitofautiana kidogo tu yanagomba kuliko wake wenza. Ofisini mambo hayo alikwisha yafanya mtu kabla sijaajiriwa. Mimi nilikuta meza imeandaliwa, nikala. Sasa nilitakiwa kupika, na kuni za kutafuta mwenyewe.

Mwenzangu wa ofisini alinitumia maelekezo. Yalianza hivi: "Ni rahisi sana, dakika chache tu." Simjui shetani aliyewafundisha watu wa kompyuta neno rahisi. Mstari wa kwanza ulitaka programu ambayo kompyuta yetu haikuwa nayo. Programu hiyo ilitaka nyingine. Nyingine ile ikaniambia mfumo wa kompyuta yangu ni mzee, niuhuishe kwanza. Kila kosa lilikuja kwa maandishi mekundu na halikusema limekosewa wapi, limekasirika tu. Nami nikalikasirikia. Tukawa tunatazamana hivyo mchana kutwa.

Na mtandao. Kuta za nyumba zile ni za mawe, nene, simu ikiwa ndani haishiki kitu. Inashika kwenye dirisha la mbele peke yake, linalotazama njia, na mwenye eda hakai dirishani. Basi nikaitia simu kwenye kikapu kidogo cha ukindu, nikakifunga kwenye nondo za dirisha, nikaiachia irushe mtandao mpaka chumbani, nami nikakaa ndani kwenye giza. Ilipolia, mtaa mzima ulisikia. "Jamani wa humo, simu yenu inalia!" Kila mpita njia alikuwa karani wangu. Mara moja muuza samaki aliipokea, akamwambia bosi kwamba mwenye simu amefiwa, apige siku nyingine. Bosi hakufurahi.

Hayo yote ningeyavumilia. Shemeji ndiye aliyenipasua nyongo.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala. Alikaa ukumbini, mimi chumbani, pazia katikati yetu, tukazungumza kwa adabu kubwa.

"Shemeji, hujambo? Pole na eda."

"Sijambo shemeji. Ahsante."

"Mimi nilikuwa nawaza ile kompyuta. Ni mali ya marehemu. Mali ya marehemu haichezewi mpaka igawanywe. Bora nikaiweke kwangu, isije ikaharibika."

Kompyuta ile tulinunua wote wawili, mimi nikitoa sehemu kubwa kwa sababu mananasi yalikuwa yameoza mwaka ule. Lakini nani alikuwepo? Mimi na yeye. Yeye yuko kaburini.

"Inatumika, shemeji," nikasema.

"Mwenye eda anahitaji kompyuta ya nini?"

"Ya kula."

Akacheka. Nilimsikia akicheka nyuma ya pazia, kile kicheko cha mwanamume anayeona mwanamke kasema jambo la kuchekesha. Akasema Ijumaa ijayo angekuja na bajaji, niwe nimeifungafunga. Ijumaa hiyo hiyo ya bosi. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nilipoitazama baadaye ilikuwa imevunjika.

Ndipo siku mbili tatu baadaye mkwe wangu akafunika kompyuta kwa kanga.

Baada ya kuuma mto niliondoka nikaenda kufanya naye mapatano, kwa kuwa ugomvi usingenisaidia. Tulikaa jikoni, yeye anachambua mchele. Nikamwambia sanduku la chini lina feni, likikosa pumzi linakufa. Akakubali kwamba chenye pumzi hakifunikwi. Kuhusu skrini, tuliafikiana kwamba ikiwa inawaka na ina maandishi si kitu cha kujitazama, ikizima ndipo inakuwa. Basi nikairekebisha isilale kamwe. Umeme ulipokatika, na ulikatika, alikuja mbio kutoka uani na kanga mkononi kabla sijasimama. Nilicheka siku hiyo, peke yangu, na kucheka kwenyewe kukaniudhi.

Nikanunua bando jingine kwa simu. Nikapakua upya. Nikaweka kitu baada ya kitu, natukana kwa sauti ya chini kwa sababu nyumba ni ya msiba. Hatimaye kila kitu kikakaa mahali pake, siku moja kabla ya Ijumaa. Nikasema bismillahi, nikaiamuru seva iamke.

Ikakataa.

Safari hii kosa lilieleweka, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Kila seva ndani ya kompyuta husikiliza kwenye mlango wake wenye namba, na mlango uliozoeleka kwa kurasa za tovuti ni wa themanini. Kompyuta iliniambia: mlango wa themanini una mtu tayari. Nani? Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisakinisha humo. Nikadhani nimeweka seva mara mbili bila kujua. Nikafuta kila kitu, nikaweka tena, jasho linanitoka. Mlango una mtu. Nikapiga meza, kikombe kikaanguka. Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama hasira zisingenipofusha. Nilifungua kivinjari, nikaandika anwani ya kompyuta yenyewe, ile inayoita ndani kwa ndani bila kutoka nje, nikabisha hodi nione atakayeitikia.

Ukafunguka ukurasa mweupe. Una maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kwamba inafanya kazi. Basi.

Kila mtu wa kazi yangu ameuona ukurasa ule siku yake ya kwanza. Unakuja pamoja na seva kutoka kiwandani. Maana yake ni kwamba mtu ameisakinisha seva vizuri, imewaka, na bado hajaweka chochote chake. Mimi sikuuweka. Nikatazama tarehe za mafaili. Ni baada ya mfungo wa Ramadhani, miezi kadhaa kabla hajaanguka Msata. Nikiwa kazini hakuna mwingine aliyegusa kompyuta ila yeye, na mimi nilidhani anatazamia mpira.

Nikafungua folda yake. Hamna kitu. Nikatafuta kila pembe ya kompyuta, nikijiambia lazima kuna picha ya nanasi, jina la duka, sentensi moja, hata iliyokosewa. Hamna. Alifika kwenye neno la kiwandani akaishia hapo.

Nitasema nilichohisi, kwa kuwa nimechoka kusikia wajane wakisema walihisi faraja. Nilihisi kumpiga. Huyu mtu ambaye kila niliporudi jioni alisema, "Bado unabonyezabonyeza tu?" Huyu ambaye nilikuwa nikimweleza kazi yangu akipiga miayo. Alikaa humu ndani nikiwa Dar, akapigana na yale maandishi mekundu peke yake, akayashinda, akaweza lile lililonitoa roho mimi niliyesomea, na hakusema! Mwalimu alikuwa analala naye chumba kimoja. Angeniuliza tu. Kikombe kimoja cha chai, tungekuwa tumemaliza. Alitaka kuuza mananasi yake mtandaoni? Alitaka kunishangaza? Alitaka kujua tu ni kitu gani kinachonifanya nirudi jioni nikitukana? Sijui, na sitajua, kwa sababu bwana mkubwa aliona aibu kufundishwa na mkewe, kisha akaenda kufa Msata.

Nililia. Nililia kwa hasira, kwa sauti, makamasi yakinitoka, kile kilio walichokingoja wanawake wa jikoni siku ya mazishi.

Mkwe wangu akaja na kanga mkononi, kadhani umeme umekatika.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mwanao," nikasema.

Akaangalia mlangoni kwanza. Mpaka leo sijasahau alivyogeuka kuangalia mlangoni, kama anayemngoja aingie. Kisha akaifuata mikono yangu mpaka kwenye skrini.

"Kaweka hiki humu. Hakuniambia."

"Kinasema nini?"

"Kinasema kinafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Hakuna, mama. Hakuwahi kuweka kazi yoyote."

Akavuta kigoda akakaa karibu nami, akautazama ule ukurasa mweupe muda mrefu, kanga iko mapajani. Nilimsikia akipumua.

"Alikuwa haulizi," akasema. "Tangu mdogo. Kuogelea alijifunza peke yake, nusura tumzike. Kuchinja alijifunza peke yake, kidole kile unakijua. Ukimwuliza kwa nini hukusema, anacheka."

"Ningemfunza, mama."

"Najua. Ndiyo maana hakusema."

Tukakaa. Adhana ya Alasiri ikapita. Kisha nikajifuta uso kwa upande wa nguo, kwa sababu Ijumaa ilikuwa kesho na Pangani ilikuwa inaningoja. Mstari wa amri wa kumwondoa aliye mlangoni ni mfupi, nimewaandikia wenzangu mara nyingi. Nikauandika, nikabonyeza. Nikafungua tena ule ukurasa, haukuwepo.

"Umemfanya nini?" mkwe wangu akauliza.

"Nimemsimamisha, mama. Nipate pa kupita."

Nikaamuru seva yangu iamke, ikaamka mara moja, bila neno. Tovuti ya mteja, ya kuuza saruji na mabati, ikatokea nzima, na matangazo yake mabaya na rangi yake ya chungwa. Nikabadilisha alichotaka bosi, nikampigia picha za skrini nikamtumia. Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi: "Sawa dada. Endelea." Kwa yote niliyoyapata, nilipewa maneno matatu. Nilimtukana kidogo, kisha nikaendelea.

Bajaji ilikuja baada ya sala. Niliisikia ikizima mbele ya baraza. Mimi nilikuwa chumbani, mikono miwili juu ya sanduku la kompyuta, nimeazimia kwamba atakayeliondoa ataliondoa pamoja nami, eda na isiwe eda. Sikuhitaji. Mkwe wangu alikuwa ameweka kiti chake mlangoni pa ukumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bajaji ya nini?"

"Ya kompyuta. Tumezungumza na shemeji."

"Kompyuta ina mtu anaitumia."

"Mama, ile ni mali ya marehemu, ni lazima igawanywe."

"Unataka kugawa? Haya. Kipo kitanda changu humo ndani, nilichowazalia yeye na wewe. Anza na hicho. Kata katikati. Ukimaliza ndiyo uje kwenye kompyuta."

Nikasikia bajaji ikiwashwa, dereva akigomba kwamba amepotezewa muda. Mkwe wangu alibaki kitini pale mpaka jioni, labda akingoja atakayerudi.

Asubuhi ya pili yake niliwasha kompyuta, nikaamuru seva yangu, ikakataa. Mlango una mtu. Nikabisha hodi kwenye kivinjari, nikamkuta: ukurasa mweupe, anafanya kazi. Alikuwa ameiweka seva yake iwe inaamka yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Hata hilo alilijua, na mimi ofisini lilinichukua mwezi kujifunza. Nikamsimamisha tena. Asubuhi iliyofuata, tena.

Eda niliimaliza zamani. Kazi ninayo, na mkwe wangu hakutaka nihame, nami sikutaka kuhamishwa. Kompyuta iko palepale, haifunikwi tena. Kumzuia yule asiamke ni mstari mmoja, mfupi kuliko ule wa kumsimamisha. Ningeweza pia kuihamishia kazi yangu mlango mwingine, tukakaa wote wawili bila kugombana. Najua kufanya vyote hivyo. Mwenzangu wa ofisini ameniuliza kwa nini sifanyi, nikamjibu vibaya.

Kila asubuhi nawasha, na kila asubuhi ametangulia. Namkuta na neno lake lile lile la kiwandani, hana la kuongeza, hana la kunieleza, na hasira zinanipanda upya kama siku ya kwanza. Mkwe wangu anaingia na birika na vikombe, anakaa kigodani.

"Yupo?" ananiuliza.

"Yupo, mama."

"Basi mwache, tunywe chai kwanza."

Tunakunywa chai. Tukimaliza namsimamisha, naanza kazi.